Malalamiko kuhusu oda ya vani ya kambi: bei imepandishwa mara tatu, gari halijafika, na mama yangu amedharauliwa

Kisumu,
10 Novemba 2025

Kwa Meneja Mkuu
Nakala: Meneja wa Mauzo, tawi la Kisumu

KUH: VANI YA KAMBI INAYOVUTA KWA MAGURUDUMU YOTE MANNE, ODA NILIYOLIPIA DIPOZITI TAREHE 12 FEBRUARI 2025

Bwana Meneja,

Nakusalimu kwa heshima. Nimejizuia majuma mawili kabla ya kushika kalamu. Lau ningeandika jioni ile ya 24 Oktoba nilipotoka kwenu, ningetumia maneno ambayo mama yangu hakunilea kuyatumia.

Oda yangu mnayo, na masharti mnayajua kuliko mimi. Kifungu cha 6 cha fomu yenu, kile cha bei kutobadilika baada ya dipoziti, mlikiandika nyinyi wenyewe. Sina haja ya kukunukulia. Nitaanza na hiyo 24 Oktoba, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi.

Tulifika saa nne asubuhi, mimi na mama. Nilimtoa Ahero makusudi. Katika ile dipoziti ya shilingi 700,000 mna ng'ombe wake wawili aliowauza kwa 120,000, na alitaka kuambiwa mbele yake gari limefika wapi. Tuliketi dakika arobaini mbele ya meza ya meneja wenu wa mauzo akizungumza na simu. Alipotugeukia alitaja bei mpya: 6,150,000. Nikatoa risiti na ile proforma, ankara yenu ya awali ya bei, ya 4,650,000 yenye mhuri wenu, nikaziweka mezani. Mama akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, si bei mliiandika hapa?" Hakumjibu. Alizirudisha karatasi zangu kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayesukuma uchafu, akaniambia mimi: "Madam, hii si gari ya watu wa kuchangachanga. Kama pesa ni shida, tafuteni Probox." Kisha akawaita wateja waliokuwa nyuma yetu wasogee mbele.

Hayo ndiyo malipo ya kungoja miezi minane.

Sasa tuzungumze bei, kwa kuwa najua mtajificha nyuma ya serikali na dola. Aprili mlinitumia ujumbe kwamba dola imepanda, kwa hiyo vani ni 4,980,000. Dola gani hiyo? Ingekuwa mwanzoni mwa 2024, ilipokaribia shilingi 160, ningenyamaza. Siku nilipolipa ilikuwa 129. Siku ya ujumbe wenu ilikuwa 129. Leo asubuhi nimetazama tena takwimu za Benki Kuu, ni 129. Nilipompigia karani wenu kumweleza hivyo, alisema atanirudia. Bado namngoja.

Tozo ya reli, ile inayotozwa bidhaa zinazoingizwa nchini, nayo msiniletee kama kisingizio. Ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 mnamo Desemba 2024, na mimi nililipa Februari. Mlipokuwa mkinipigia hesabu mlikuwa mkiijua.

Kisha ikaja Julai na bei ya 5,460,000, mkasema ni ile orodha mpya ya KRA, Mamlaka ya Mapato, ya thamani za magari iliyotangazwa kuanza tarehe 1 Julai 2025. Orodha hiyo naijua, nimeisoma. Lakini kwenye oda mliandika siku 90. Siku 90 kutoka 12 Februari ziliisha 13 Mei. Gari langu lingeshuka Mombasa Mei kama mlivyoahidi, lingetozwa ushuru kwa orodha ya zamani na tusingekuwa na maneno. Mlichelewa nyinyi, na gharama ya kuchelewa mkanitwisha mimi. Nani alikubaliana na hilo? Mimi sikutia sahihi.

Na huo mwezi wa Julai ndio mliotaka kuniuzia gari ambalo si langu. Picha zilipokuja niliziangalia moja moja. Kwenye proforma namba ya chesi inaanza na GDH206. Kwenye kibati cha gari mlilolipiga picha imeandikwa GDH201. Mtu wa kazi yenu hawezi kuniambia hajui tofauti: 206 ni HiAce ya magurudumu yote manne, 201 inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Nilipeleka simu kwa fundi wangu pale Kibuye, akaikuza ile picha ya chini ya gari, akanionyesha kwa kidole: hakuna difu ya mbele, hakuna propela shafti ya kwenda mbele, pako wazi kabisa. Nilipowauliza, karani alinijibu kwa maandishi, na maandishi ninayo, kwamba "zote ni HiAce, tofauti si kubwa."

Njoo nikuonyeshe hiyo tofauti. Mimi ni mwongoza wageni. Kazi yangu ni Ruma, Msitu wa Kakamega, Saiwa, na Mlima Elgon kwa lango la Chorlim. Bonde la Lambwe likinyeshewa, ule udongo mweusi unashika tairi mpaka unajaa ndani ya matao ya gurudumu, tairi haizunguki tena. Mwaka jana nilikesha pale na wageni wawili ndani ya gari la kuvuta nyuma, tukingoja trekta. Ndiyo sababu nikaamua kununua gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na betri ya pili, gari ambalo mgeni atalala humo ndani na kumkuta korongo, yule swala mkubwa, alfajiri bila kuendesha kutoka mjini usiku. Ruma ndiyo hifadhi ya pekee nchini mtu anapoweza kumwona korongo porini. Wageni wanavuka bahari kwa ajili hiyo. Siwezi kuwaambia tofauti si kubwa.

Wageni wa Agosti walikuwa wameshalipa. Nilikodi gari Nakuru siku 12, kwa shilingi 12,000 kila siku, jumla 144,000. Risiti nimeambatisha. Mkopo wa sacco wa 500,000 niliouchukua kwa ajili ya dipoziti yenu nao umeshanikata riba ya 41,300, kwa gari ambalo sijawahi kuligusa.

Nilitaka kuendelea na habari za kuchelewa, lakini lazima nirudi kwenye meza ile, maana hapo juu sikusema yote. Nimeandika kwamba meneja wenu alizirudisha karatasi kwa kalamu. Alizisukuma kwa nguvu, zikapita ukingo wa meza, risiti ikaanguka sakafuni upande wa mama. Mama yangu ana umri wa miaka 71 na goti lake la kushoto halikunji vizuri. Mimi nilikuwa nimeduwaa na yale maneno ya kuchangachanga. Yeye ndiye aliyeinama. Alishika ukingo wa meza yenu kwa mkono mmoja, akashuka polepole, akaiokota risiti ya ng'ombe wake, akaifuta kwa leso. Meneja wenu alikuwa anamwona. Alikuwa umbali wa mkono tu. Hakusema pole mama, hakusogeza hata kiti. Alisema, "Next."

Kuna mlinzi wenu mlangoni, kijana mmoja, huyo ndiye aliyekuja mbio kumshika mama mkono. Namshukuru, na naomba asiadhibiwe kwa kuacha lango.

Katika matatu mama hakufungua mdomo. Tulipita Rabuor amenyamaza. Tuliposhuka Ahero ndipo aliponiuliza, "Kwani kuchanga ni aibu?" Watu wa kwetu wamesomesha watoto kwa kuchanga, wamezika kwa kuchanga, wamepeleka wagonjwa hospitali kwa kuchanga. Hizo laki saba kila shilingi ina jasho la mtu, na nyinyi mlizipokea siku moja, kwa tabasamu, mkatupa chai.

Sasa kuhusu hiyo bei ya mwisho. Meneja wenu alisema gari la 2018 nililoagiza "halitawahi", kwa hiyo nichukue la 2019 na niongeze. Kanuni ya KEBS, Shirika la Viwango, kwamba gari linaloingizwa lisizidi miaka minane, hamkuisikia jana. Mnajua, kama kila mwagizaji wa magari nchini anavyojua, kwamba gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2018 lazima liwe limeingia kufikia tarehe 31 Desemba 2025, na kwamba kuanzia Januari mlango ni wa 2019 kwenda mbele. Mlikuwa na miezi yote hiyo. Gari lazima likaguliwe huko Japani kabla ya kupakiwa, na meli ina majuma yake baharini. Leo ni 10 Novemba. Mliacha muda ukakatika, halafu mkaugeuza kuwa sababu ya kuniongeza bei. Kutoka 4,650,000 hadi 6,150,000 ni milioni moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya dipoziti yenyewe.

Kwa hiyo ninadai hivi. Nipeni gari nililoagiza, chesi ya GDH206, likiwa na vifaa vyote vya kambi vilivyoorodheshwa, kwa bei ya 4,650,000. Kama la 2018 haliwezi tena kuwahi, nipeni la 2019 kwa bei hiyo hiyo, kwa kuwa si mimi niliyechelewesha. Nawapa siku 14 za kunijibu kwa maandishi, si kwa simu.

Mkishindwa, narudishiwa 700,000 zote bila kukatwa hata senti ya kile mnachokiita gharama za ofisi, pamoja na 144,000 za gari la kukodi na riba ya 41,300. Jumla ni shilingi 885,300. Mtaona iko chini ya milioni moja, ambayo ndiyo kikomo cha Mahakama ya Madai Madogo. Nimekwisha kuuliza huko na sihitaji wakili. Malalamiko mengine yatakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, nikiambatisha ujumbe wenu wa "tofauti si kubwa", picha ya kile kibati, na proforma tatu za bei tofauti kwa oda moja. Kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hazikuandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao.

Na kuna jambo ambalo halilipwi kwa gari wala kwa hundi. Nataka meneja wenu wa mauzo aende Ahero, nyumbani kwa mama, amwombe radhi uso kwa uso. Si barua, wala si ujumbe wa simu. Aende yeye mwenyewe, na wewe Bwana Meneja uende naye, kwa sababu aliyasema yale chini ya nembo yako. Bila hilo, hata mkinikabidhi ufunguo kesho, kesi itaendelea.

Nimeandika siku 14 hapo juu. Nimeisoma barua hii tena tangu mwanzo, nimefika pale mama anapoinama, na nimebadili nia. Ni siku 7. Jumatatu tarehe 17 Novemba saa nne asubuhi, saa ile ile, nitakuwa kwenye meza ile na wenzangu wa chama cha waongoza wageni, kila mmoja akiwa na nakala ya risiti hii. Tutaketi mpaka mtujibu.

Wenu,
Mteja, oda ya 12 Februari 2025
Kisumu