Malalamiko: Kancamagus mlitupitisha gizani

Lowell, Massachusetts
14 Oktoba 2025

Ndugu Meneja,

Jumamosi ya tarehe 11 nilisafiri na basi lenu pamoja na mama yangu mzazi, tiketi mbili za dola 85 kila moja. Tangazo lenu lilisema tutapanda kupitia mji wa Lincoln, jimbo la New Hampshire, tuvuke milima ya White Mountains mchana kwa barabara ya Kancamagus, tusimame kwenye maporomoko ya Sabbaday, ndipo tushuke madukani North Conway. Picha mliyoweka ni ya barabara hiyo, majani mekundu kulia na kushoto. Ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni.

Asubuhi dereva akashika njia nyingine. Alisema tuwahi maduka kabla ya foleni ya wikiendi ya sikukuu, Kancamagus tutaipita wakati wa kurudi. Nilimwamini. Tumeondoka North Conway saa kumi na mbili na nusu jioni, jua limeshazama! Barabara ile ni zaidi ya maili 30 za msitu mtupu, hata kituo cha mafuta hakuna. Mama alikaa dirishani, anafuta ukungu wa kioo kwa ncha ya khanga, anafuta tena, na anachokiona ni uso wake mwenyewe. Sabbaday hatukusimama.

Mama ametoka Lushoto. Milima anaijua, amezaliwa huko juu, lakini misitu ya kwao ni ya kijani mwaka mzima. Tangu Julai namwambia asubiri aone mlima mzima ukibadilika rangi. Alichoambulia ni jani moja la mti wa mepo aliloliokota kwenye maegesho ya maduka, jekundu, mishipa yake bado ya kijani. Amelifunga kwenye leso.

Kuhusu maduka sina neno. New Hampshire haitozi kodi ya mauzo, na huku kwetu ni asilimia 6.25, kwa hiyo sanduku la safari la dola 80 limeniokolea dola tano. Lakini nani analipa nauli ya dola 170 ili aokoe dola tano?

Mna safari nyingine Jumamosi hii, tarehe 18. Naomba nafasi mbili bila malipo, na Kancamagus ipitwe asubuhi. Majani yanapukutika kila siku, na mama anarudi nyumbani mwezi ujao. Kama haiwezekani, nirudishieni dola zangu 170 kabla ya Ijumaa, nikodi gari nimpeleke mwenyewe.

Wenu,
Abiria wa viti namba 7 na 8