Vijana wanaokuja kupanda mikoko wapangiwe kazi na wenyeji

Kwa Mhariri,

Kila mwaka ifikapo Julai, upepo wa kusi ukiwa umeshika, mabasi madogo huanza kuingia vijijini kwetu huku Msambweni, pwani ya Kenya, yakiwa na vijana kutoka Ulaya na Marekani. Huja kukaa nasi wiki mbili, kula tunachokula, kulala tunapolala na kufanya kazi ya kujitolea. Nimewapokea nyumbani kwangu mara nne. Nawapenda. Mmoja wao alijifunza kukuna nazi hadi nikawa namwachia mbuzi, mimi nikishughulika na samaki jikoni. Mtu asisome barua hii akadhani nawafukuza.

Lakini yaliyotokea ufukweni mwetu yananiuma, na nimeyanyamazia vya kutosha.

Kikundi chetu cha akina mama kina kitalu cha mikoko. Siku moja, kwa ratiba ya kampuni iliyowaleta, vijana zaidi ya ishirini walipelekwa kwenye tope tupu mbele ya msitu, upande wa bahari kuu, wakapewa mbegu za mkoko, zile ndefu kama rula ambazo huchomekwa moja kwa moja topeni. Tope lile ni la mlilana, aina nyingine ya miti ya mikoko. Mlilana ndio unaostahimili mawimbi ya mbele. Mkoko hufuata nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu utaukuta hadi kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, bahari inapojaa kupita kawaida. Mtoto wa mvuvi analijua hilo kabla hajaanza shule. Bibi mmoja wa kikundi chetu, aliyekata boriti katika msitu huo huo na marehemu mumewe kabla hajageuka kuwa mpandaji, alimwambia kiongozi wa msafara, "Hapa hautashika, mwanangu." Akajibiwa kwamba ratiba imeshapangwa na basi linaondoka saa nane. Picha zikapigwa, watu wakanawa miguu, basi likaondoka.

Septemba nilishuka maji yalipokupwa nikahesabu miche iliyosimama. Ilikuwa kumi na mmoja. Mingine ilikuwa vijiti vikavu vilivyovikwa mwani, na mingi haikuonekana kabisa, kusi lilikwisha kuichukua. Zile mbegu tulikuwa tumeziokota kwa siku tatu, migongo ikiuma. Na lililonivunja moyo zaidi ni kwamba kundi la mwaka uliofuata liliambiwa miche ilikufa kwa sababu wanakijiji hawakuitunza.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu anaujua msemo huo, ila watu husahau kwamba jembe hutolewa na mwenye shamba, naye ndiye anayeonyesha pa kulima.

Ndugu Mhariri, hatuhitaji kwenda mbali kuona namna nyingine ya kupokea wageni. Hapo Gazi, ndani ya eneo hili hili letu, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, walianza kuipanda upya pamoja na wanakijiji. Baadaye wakaja wanasayansi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, na wageni wa kujitolea kupitia shirika la Earthwatch. Nao walikuwa wageni kama hawa wetu, waliingia topeni wakachafuka. Tofauti ni kwamba kazi yao ilikuwa ya kusaidia utafiti uliokwishaanza, chini ya watu wanaoujua msitu ule: kupima unene wa miti, kuchimba udongo, kuandika namba. Kazi ya aina hiyo haipendezi sana kwenye picha, lakini utafiti uliofanywa Gazi ndio uliowezesha mradi wa Mikoko Pamoja kuanza mwaka 2013, ukilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa. Shirika la hisani la ACES, lililosajiliwa Scotland, ndilo linaloshughulikia mauzo. Fedha zikifika, matumizi yake hujadiliwa barazani na watu wa Gazi na Makongeni, na kamati waliyoichagua wenyewe ndiyo inayosimamia. Wamejipatia maji na vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata njia hiyo hiyo.

Akina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao katikati ya mikoko. Mgeni hulipa, hutembezwa, huelezwa mti kwa mti, na akitaka hupikiwa chakula cha kipwani. Anayepokea pesa ndiye aliyepika.

Kwetu si hivyo. Binti mmoja aliyelala nyumbani kwangu alinionyesha kwenye simu kiasi alicholipa kule kwao kabla ya kupanda ndege. Kingetosha karo ya wanangu wawili kwa mwaka mzima. Mimi nilipewa unga, sukari, mafuta ya kupikia na bahasha ambayo sikuona haya kuifungua mbele yake. Yeye ndiye aliyeona haya, akalia. Tulikaa barazani hadi usiku tukizungumza kwa Kiswahili chake cha wiki mbili na Kiingereza changu cha darasa la nane, na naamini alielewa mambo mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye kijitabu alichopewa.

Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa anayetaka kufanya biashara ya kaboni kwenye ardhi ya jamii lazima aandikiane nayo makubaliano ya maendeleo, na angalau asilimia 40 ya mapato iende kwa jamii hiyo. Kama mwenye kuuza hewa analazimika kukaa chini na kijiji, mwenye kuuza safari za kuja kuishi na kijiji anaachwaje? Naiomba serikali ya kaunti ya Kwale itunge utaratibu: kundi lisiletwe kabla kazi yake haijapitishwa katika baraza la kijiji, na nyumba inayolaza mgeni ijue mgeni huyo amelipa nini na ilipwe sehemu yake waziwazi. Machifu na wazee wa vijiji nao waache kupokea barua za kampuni na kuzipigia mhuri bila kutuita.

Kwa wale watakaokuja Julai ijayo, kazi ipo. Mbegu za mlilana ni ndogo mno, hazichomekwi topeni kama za mkoko. Sharti zioteshwe kitaluni kwa miezi kadhaa. Tunahitaji watu wa kuchota tope, kujaza viriba na kuvipanga, kutwa nzima, kwenye kivuli cha makuti. Miche yenyewe tutaipeleka ufukweni sisi, kusi likishatulia. Tunaomba mtu akae nasi, ajaze viriba, na bibi yule akisema hapa hautashika, asikilizwe.

Mama wa kitalu,
Msambweni, Kwale