Kinyama cha dada yangu kimekwenda wapi?

Mhariri,

Mie ni fundi cherehani hapa Majengo, na ugonjwa wa dada yangu niliuona kwanza kwenye tepu. Idi moja kiuno chake kilikuwa inchi 34, Idi iliyofuata 41, ilhali mikono ya nguo ilibidi niibane. Unene gani huo? Uso ukawa duara, tumboni mistari ya zambarau, presha haishikiki kwa dawa.

Mara mbili alipimwa kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi za juu ya figo, asubuhi, hajatia hata chai kinywani. Mara zote akaambiwa yuko sawa, apunguze mahamri. Daktari wa homoni ndiye aliyemwuliza, "Ukishakula hujionaje?" Dada akacheka: Ramadhani mchana huwa mzima, akishafuturu tu moyo humwenda mbio. Damu ikachukuliwa baada ya kula, na safari hii kotisoli ilikuwa imepaa. Picha ikaonyesha tezi zote mbili za juu ya figo zimejaa vinundu.

Nilivyoelezwa, ili zimwage kotisoli, tezi hizo hungoja amri ya homoni ya ACTH kutoka kichwani. Lakini kwa watu wachache huota vipokezi (vijisehemu vya kupokea amri ya homoni) visivyo vyake, vinavyoitikia GIP, homoni ambayo utumbo huimwaga tukila. Kila sahani ya pilau inakuwa amri. Madaktari wa Montreal walieleza kisa cha namna hii mwaka 1992, kwa hivyo si jini, ingawa shangazi alikwishaleta kombe.

Sasa linaloniuma. Tezi moja, ile kubwa, ilitolewa. Nilipofuata majibu ya kinyama kilichokatwa, muuguzi alifunua daftari, akafunua tena, kisha akasema hakikupelekwa maabara. Kikopo hakikuandikwa jina, kikatupwa na taka za chumba cha upasuaji. Ndani ya kinyama hicho ndimo vipokezi vingetafutwa. Tena tangu 2021 inajulikana kwamba aina hii ya ugonjwa hutokana na hitilafu ya jeni ya KDM1A, ambayo mtu huweza kuirithi. Sisi ni ndugu watano, tumbo moja.

Sitaki fidia. Nataka mwenye mgonjwa aulize kabla ya kisu: kinyama kinakwenda maabara gani, nani anakibeba, na kile kipande kinachogandishwa kwenye nta kitawekwa muda gani?

Tezi ya pili dada bado anayo. Siku ikitolewa, nitakuwa mlangoni na kalamu ya wino usiofutika.

Fundi wa Majengo,
Mombasa