Kazi hii ipewe jina na ngazi

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita binti niliyefanya naye kazi kwa miaka mitatu katika ofisi ya utafiti ya chuo kimoja hapa Mbeya aliletewa barua ya uhamisho wa ndani. Amepelekwa udahili. Barua ilikuwa na mistari minne, na kiutumishi haikuwa na kosa: yeye aliajiriwa kama afisa tawala, na afisa tawala hupangiwa popote. Aliikunja akaitia kwenye mkoba, kisha akanikabidhi majalada kumi na moja ya miradi inayoendelea, moja baada ya jingine, akinieleza kila mmoja umefikia wapi. Tulianza saa 8 mchana, tukamaliza giza limeshaingia. Alipofunga la mwisho akaniuliza, "Mama, hivi hii kazi yetu inaitwaje?"

Nimeifanya kazi hii ya kusimamia miradi ya utafiti miaka kumi na minne na sikuwa na jibu la neno moja. Ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti lako, kwa sababu nina hakika swali hilo linaulizwa pia Iringa, Kihesa na Mkwawa, na kila penye chuo katika nyanda hizi za juu kusini.

Mhadhiri akiona tangazo la ufadhili huona wazo lake na jina lake. Sisi tunaona masharti. Tunasoma kurasa zote za tangazo, tunapanga pamoja naye bajeti ya andiko, yaani ombi la fedha analomwandikia mfadhili, tunatafuta saini za wakubwa kabla dirisha halijafungwa. Kama kuna watafiti wa kigeni, tunafuatilia kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986. Kama utafiti unagusa afya za watu, tunapeleka maombi ya kibali cha maadili NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mkataba ukija tunausoma. Fedha zikiingia ndipo kazi hasa inapoanza: masurufu, manunuzi, ripoti za robo mwaka, mkaguzi, hadi siku mradi unapofungwa na faili kurudi masijala.

Nitatoa mfano wa jambo dogo. Horizon Europe, mfuko mkubwa wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida hufunga kupokea maandiko saa 11 jioni ya Brussels. Wakati wa baridi yao, hapa kwetu inakuwa saa 1 usiku. Wakishasogeza saa zao kwa ajili ya kiangazi, inakuwa saa 12 jioni. Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana aliandika andiko zuri kuhusu udongo wa Mbarali kwa miezi mitano. Aliwahi kutuma andiko jingine mwezi Januari, kwa hiyo kichwani mwake mwisho ulikuwa saa 1 usiku. Hili lilikuwa la Septemba. Alipobonyeza kutuma ilikuwa saa 12 na dakika 20, na mfumo ulikuwa umeshafungwa. Siku hiyo nilikuwa Tukuyu kwenye msiba, na ofisini hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Kuna na hili la gharama za uendeshaji wa chuo chenyewe, yaani umeme, ulinzi, intaneti, mhasibu, na ofisi yetu. Wafadhili wengi wakubwa wanaziruhusu. Horizon Europe hulipa 25% ya gharama za moja kwa moja, ukiondoa baadhi kama za wakandarasi wadogo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, kwa miaka mingi zimekuwa zikizipa taasisi za nje ya Marekani 8%. Mradi wa shilingi milioni 400 ukipewa 25%, hizo ni milioni 100. Ukipewa 8%, ni milioni 32. Nimeshika mkononi andiko ambalo mstari huo ulikuwa mtupu. Nilipomuuliza mwandishi, alisema aliogopa mfadhili asimwone ana tamaa. Fedha hizo zingelipa mshahara wa mtu wa kumsaidia.

Lakini sehemu ambayo mtu hajifunzi darasani ni ya malipo ya kule vijijini. Wasomaji wengi hawaijui, kwa hiyo naomba nivumiliwe nikae hapo kidogo.

Timu inakwenda Busokelo kuhoji kaya. Bodaboda anayewapandisha mlimani hana mashine ya risiti ya EFD. Mama aliyewapikia chai hana kitabu cha risiti. Mzee aliyepoteza asubuhi yake nzima kujibu maswali anapewa nauli na fidia ya muda wake, na anatia dole gumba kwa wino. Mvua ya Rungwe haichagui msimu, karatasi zinarudi zimelowa na wino umetambaa. Miezi minane baadaye mkaguzi anakaa mezani kwangu anataka uthibitisho wa kila shilingi. Asiyejua kazi hii anaanza kutafuta risiti ambazo hazikuwahi kuwapo, na huo ndio mlango wa kughushi. Anayeijua aliandaa fomu ya malipo kabla gari halijaondoka, ikapitishwa na mhasibu, ikawa na sehemu ya shahidi kutoka serikali ya kijiji, na timu ikapewa mfuko wa nailoni wa kuihifadhi.

Tena kama utafiti ni wa wagonjwa wa kifua kikuu au wanaoishi na VVU, fomu hiyo yenye majina na namba za simu ni siri ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza uzito, ingawa kwa watu wa maadili ya utafiti hilo halikuwa jipya. Mkaguzi anataka majina, sheria inataka yafichwe. Yule binti ndiye aliyetupangia utaratibu: kwenye hesabu anaingia mshiriki kwa namba yake tu, na orodha inayofungamanisha namba na jina inakaa kwenye kabati lenye funguo mbili, mkaguzi anaiona mbele ya mtafiti mkuu na haondoki na nakala. Ilimchukua mwaka mzima kuwashawishi watu wa fedha. Sasa yuko dirishani anapokea vyeti vya kidato cha sita.

Sisemi udahili ni kazi ndogo. Ninachosema ni kwamba ujuzi wake haukuandikwa popote, na mrithi wake ataanza upya.

Najua kinachotokea hapo, kwa sababu nilikiona mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa. Afisa wa mradi mmoja wa lishe alihamishwa mradi ukiwa umebakiza miezi miwili. Ripoti ya mwisho ya fedha ikakosa mwenyewe, tarehe ikapita, mfadhili akazuia malipo ya mwisho. Vijana waliokusanya takwimu Makete walikaa miezi saba bila kulipwa. Mmoja alikuja ofisini na daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Alikuwa ameandika kila siku aliyofanya kazi, kijiji, na idadi ya kaya, kwa kalamu ya bluu, na siku alizolala njaa alizipigia mstari. Aliniwekea daftari mezani akasema, "Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayeshughulikia." Mimi nilikuwa katibu muhtasi wakati ule. Sikuwa ninayeshughulikia, wala hapakuwa na anayeshughulikia. Ndiyo siku niliyoanza kujifunza kazi hii.

Sehemu nyingine duniani hii ni taaluma kamili. Marekani wana chama chao, NCURA, tangu 1959, na mtu anaweza kukaa mtihani akapata cheti cha kitaaluma cha usimamizi wa utafiti. Kusini mwa Afrika kuna chama cha SARIMA, kilichoanzishwa 2002, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki una chama cha EARIMA. Mtu anaanza chini kama msaidizi, anabobea katika maandiko au katika fedha na mikataba, anapanda hadi kuongoza ofisi nzima, bila kulazimika kwanza kuwa profesa. Katika vyuo ninavyovijua huku kwetu, mkurugenzi wa utafiti ni mhadhiri anayeteuliwa kwa miaka michache. Akishaizoea ofisi, muda umekwisha, anarudi darasani. Walio chini yake ni afisa tawala, mhasibu na katibu muhtasi walioazimwa, kila mmoja akipanda daraja kwa muundo wa kada yake na si kwa kazi anayoifanya.

Ombi langu kwa mabaraza ya vyuo na kwa wanaopanga miundo ya utumishi ni kada ya usimamizi wa utafiti, yenye jina, sifa za kuingilia na ngazi za kupanda, na nafasi zake ziingizwe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za ajira zilizoidhinishwa. Fedha za kuanzia si lazima zitoke hazina. Sehemu ya zile gharama za uendeshaji ambazo miradi inaleta irudi kwenye ofisi inayozitafuta, badala ya kuishia zote kwenye mfuko mkuu. Na kwa kuwa hakuna chuo huku chenye watu wa kutosha kujifundisha peke yake, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha, Teofilo Kisanji na wengine wanaweza kuwakutanisha maafisa wao mara moja kwa muhula, wakae na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole na wa kituo cha NIMR Mbeya, ambao wamezoea ukaguzi wa miradi mikubwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na barua za kusitisha kazi zikaanza kufika, wengi wetu tulikuwa tunapigiana simu usiku kuulizana kifungu gani cha mkataba kinaruhusu kulipa mishahara ya siku zilizokwishafanyiwa kazi. Tulisaidiana kwa sababu tunafahamiana. Ambaye hakuwa na namba ya mtu alibaki peke yake.

Kwa vijana mnaomaliza uhasibu, sheria, takwimu au utunzaji wa kumbukumbu: kazi hii ipo na inahitaji watu. Ombeni kujitolea ofisi ya utafiti, jifunzeni kusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho, jifunzeni kumwambia profesa hapana kwa heshima, maana mtaisema mara nyingi.

Binti yule hupita ofisini jioni udahili wakishafunga. Anakaa dakika arobaini hivi, ananisaidia ripoti ya fedha inayotakiwa tarehe 30, kisha anawahi daladala ya Uyole. Halipwi kwa hilo. Naomba wenye mamlaka wamwandikie barua ya kumrudisha, na safari hii barua hiyo itaje jina la kazi yake.

Mtumishi wa chuo,
Mbeya
(Jina na anwani nimempa mhariri)