Hamisi, usisaini hiyo karatasi

Morogoro, Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, mvua imeanza na njia ya kuingia kwetu imeshakuwa matope. Ningekupigia, lakini simu yako tangu juzi inaita tu haipokelewi. Chogo ameniambia jambo lililoninyima usingizi: kwamba viongozi wa klabu yako wamekupa karatasi usaini kuwa umeomba mwenyewe kuondoka, na kwamba unataka kuisaini ili yaishe.

Usisaini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, meseji ndefu huwa unaishia mstari wa tatu.

Video ya lile goli ulilofungwa, wanalosema kipa umehongwa ukauza mechi, nimeitazama mpaka mke wangu akaninyang'anya simu. Watu wanaotuma wanaikata pale mpira unapoingia, wanaandika maneno yao, basi. Mimi nilikuwa narudisha nyuma kidogo kidogo. Shuti lenyewe ni dhaifu, hilo halina ubishi, na ndiyo maana jukwaa zima limeshika vichwa. Lakini tazama mpira unapodunda. Unadunda ukingoni mwa lile shimo mbele ya goli, pale nyasi zilipoisha kwa miguu ya makipa, unaruka juu ya mikono yako. Na wewe umefanya nini? Umeshuka, goti la kulia limelala nyuma ya mikono, mwili umeuziba mpira kama tulivyofundishwa na Mzee Rashidi. Anayeuza mechi hapigi goti nyuma ya mpira, Hamisi. Anayeuza anatoka mapema krosi isiyo yake, au anachelewa kuruka. Nimecheza beki wa kati mbele yako misimu mingi, najua mgongo wako ukoje ukiwa umekata tamaa na ukoje ukiwa unapigana. Siku ile ulikuwa unapigana.

Tena siku ile mshambuliaji wenu alibaki yeye na kipa akapiga nje. Huyo wamempa pole, wakasema bahati mbaya. Kipa akifungwa la kizembe, kala hela. Ndivyo ilivyo kwenye hizi ligi zetu za chini, na nadhani makipa mnaoacha kazi kwa maneno ya watu ni wengi kuliko mnaoacha kwa magoti. Timu ikikosa kupanda lazima apatikane mtu wa kutolewa kafara, na aliye karibu na nyavu ndiye anayeonekana.

Sasa turudi kwenye karatasi. Umejiuliza kwa nini wanataka uandike kwamba umeomba wewe? Kama wana ushahidi kuwa ulihongwa, si wakushtaki? Kupanga matokeo ni kosa kubwa, mtu anafungiwa. Hawajaandika barua hata moja ya tuhuma, hawajakuita kwenye kikao. Wamekuletea karatasi tu, kwa mkono, usiku, kambini. Kwa ninavyoona, suala ni mishahara. Ukiondoka kwa hiari yako, baada ya mwezi watakuambia ulivunja mkataba mwenyewe, unadai nini? Wakikuacha wao wakati mkataba una muda, kuna hesabu ya kulipana. Hiyo ndiyo tofauti, na wao wanaijua vizuri.

Nimekaa na yule wakili, shemeji wa Mama Zai, akanieleza polepole. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu 2018, zinasema mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya angalau miezi miwili anaweza kuvunja mkataba na haki ikawa upande wake, mradi kwanza aiandikie klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kuandika, Hamisi, siyo kumlalamikia meneja kwenye basi. Barua ina tarehe, unabaki na nakala, ikiwezekana wanakugongea muhuri wa kupokea. Wasipolipa, madai yanakwenda TFF, shirikisho letu la soka, kwenye kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Na wapo SPUTANZA, chama cha wachezaji, wanaweza kukusikiliza hata kama hujawahi kucheza Ligi Kuu. Anasema kesi nyingi wachezaji wanashindwa kwa sababu mbili: hawana nakala ya mkataba, au walishasaini karatasi kama hiyo yako.

Najua utasema funika kombe mwanaharamu apite. Najua umechoka. Kutoka Songea kwenda Shinyanga kwa basi, mnafika usiku, mnalala wawili kitanda kimoja, kesho yake jioni unadaka kwenye kiwanja ambacho ukiruka nyonga inachubuka hata ukivaa bukta mbili. Posho leo ipo kesho haipo. Glovu unanunua mwenyewe, na kwa viwanja vile kiganja kinamenyeka kabla ya raundi ya kwanza kwisha. Umekaa benchi misimu miwili nyuma ya mtu, kwa sababu nafasi yenu ni moja tu. Winga akikosa namba kushoto anapelekwa kulia, kipa hana pa kupelekwa. Nafasi ulipoipata ukaishika, na mimi nilikuwa jukwaani ile siku ya penalti mbili, sitaisahau.

Ila kuacha mpira ni jambo moja, na kufukuzwa kwa jina la mwizi ni jambo jingine kabisa. Ukiamua kuacha, acha kwa wakati wako. Una miaka 28. Kwa kipa huo si uzee hata kidogo. Kipa Kaseja tulishamzika midomoni mwetu, akarudishwa Taifa Stars 2019 akitokea klabu ya KMC, akasimama golini siku tuliyoitoa Burundi kwa matuta. El Hadary wa Misri alidaka penalti Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45.

Na kuna habari ya Mendy, yule kipa wa Senegal, ambayo nimekuwa nikiifikiria wiki hii yote. 2014 aliondoka Cherbourg, timu ya daraja la tatu Ufaransa, akakaa mwaka mzima bila timu. Alijiandikisha kama mtu asiye na kazi. Kisha Marseille wakamchukua kwa kikosi chao cha pili tu, si cha kwanza. Akaenda Reims wakiwa daraja la pili, akapanda nao, akaenda Rennes, halafu Chelsea 2020, na Mei 2021 akabeba Ligi ya Mabingwa bila kufungwa kwenye fainali. Februari iliyofuata akabeba kombe la Afrika. Sikuambii wewe ni Mendy, hizo ndoto za kulishana hatujawahi kupeana. Ninachokiona kwake ni ule mwaka wa katikati. Alikuwa anafanya mazoezi bila timu, na jina lake lilikuwa safi. Kocha akipiga simu kuuliza habari zake, hakuna aliyejibu "yule anauza mechi". Ndiyo maana nakushikilia hapo. Karatasi hiyo ukiisaini wewe unanyamaza, wao wanaendelea kusema.

Huku kwetu kuna timu ya First League, ligi ya daraja la tatu, inatafuta kipa dirisha dogo la usajili. Kocha wao nimeongea naye. Aliniuliza swali moja, na unalijua ni lipi. Nimemjibu, nimemwonyesha na lile goti kwenye video. Yuko tayari kukuona mazoezini. Hela ni ndogo, sikufichi. Ila atakubana na ile sheria mpya ya kipa kutoshika mpira zaidi ya sekunde nane, na wewe mpira ukiudaka unaukumbatia kama mtoto mchanga. Siku hizi refa anahesabu kwa vidole halafu anawapa wenzio kona! Anza kujizoeza mapema.

Baadaye tutazungumza pia habari ya kozi ya ukocha wa makipa. Wale vijana wa mtaani kwenu uliokuwa unawafundisha kuanguka kwenye mchanga, nani anawafundisha siku hizi? Lakini hilo lisubiri, kwanza hili.

Nijibu haya. Nakala ya mkataba unayo, au ilibaki kwa katibu? Unaisha lini? Wanakudai chochote, mkopo, nauli, kitu? Hiyo karatasi ina nembo ya klabu, na nani mwingine alikuwepo walipokuletea? Bi mkubwa ameisikia hii habari, au nimwache mke wangu aende akae naye kabla hajaambiwa na majirani? Kidole kimepona? Unakula? Na kwa nini hupokei simu yangu, Hamisi, mimi nimekukosea nini?

Piga picha kila ukurasa wa mkataba pamoja na hiyo karatasi, nitumie kabla ya Alhamisi, maana wakili anasafiri Ijumaa. Vocha nimekutumia.

Nduguyo,
Beki wako wa kati