Kijitabu cha shoo kimeenda wapi

Kaka vipi, natumai uko poa na shemeji na watoto wote wazima.

Meseji yako imenichekesha halafu ikaniudhi. Yaani umetoka shoo, ukapanga foleni kwenye meza ya bidhaa, ukaulizia kijitabu cha ziara, kile cha picha na habari za bendi kinachouzwa kwenye shoo, dogo wa pale akakuangalia kama umeomba kaseti, akakuonyesha tisheti, kofia na ile alama ya kuskani kwa simu. Pole sana. Ila usidhani hao jamaa wamekuonea wewe, hiyo kitu inakufa sehemu nyingi na ukiangalia hesabu zake wala huoni wa kumlaumu.

Maana vile vijitabu vilikuwa biashara ya kubahatisha bana. Ziara haijaanza, bendi bado iko mazoezini, na tayari mchapaji anazitaka kurasa, kwa hiyo picha nyingi ni za studio au za ziara iliyopita, ratiba ni ileile iliyotangazwa mwanzo hata kama miji mingine itafutwa, na mpiga besi akigombana na wenzake wiki ya pili basi sura yake inaendelea kuuzwa mpaka mwisho huku jukwaani kasimama mtu mwingine kabisa. Halafu karatasi ya kung'aa ni nzito, we beba boksi moja tu utanielewa. Inapakiwa kwenye lori, inashushwa, inapakiwa tena, mji kwa mji, na ukichapa vingi vikabaki ndiyo imekula kwako, nani atanunua kijitabu cha ziara iliyoisha? Tisheti inakunjwa, haiharibiki kona, na kesho mtu anaivaa anakutangazia bure. Juu ya hapo kumbi nyingi zinakata asilimia yao kwenye kila kinachouzwa mle ndani. Meneja akikaa na kalkuleta yake unadhani atachagua nini, hata mimi ningechagua tisheti.

Kwa hiyo wanaosema simu ndiyo imeua, simu imemalizia tu. Zamani shabiki alikuwa anarudi nyumbani na nini? The Beatles, ile bendi ya Uingereza, walivyozunguka Marekani 1964 mpaka 1966 vijitabu vyao vilikuwa vinauzwa, na pale uwanja wa Shea Stadium, New York, Agosti 1965 waliingia watu zaidi ya 55,000, makelele mpaka wenyewe hawasikii wanachopiga, sasa wewe uliyekaa kule juu kabisa, muziki hujausikia, sura zao ni vidoti, si bora ununue kitabu angalau uwaone vizuri. Leo picha unazo kibao kwenye simu kabla hata hawajapanda jukwaani.

Halafu Paul McCartney, mmoja wa haohao Beatles, 1989 alivyoanza ziara yake ya dunia, kijitabu alikuwa anagawa bure. Bure kaka! Na siyo karatasi mbili zimekunjwa, ni kitu kinene, kina historia yake, kina wanabendi wenzake, na humo ndani akawapigia debe Friends of the Earth, watu wa mazingira (sasa kutetea mazingira kwa kugawa karatasi uwanja mzima, hilo tuliache). Siku hizi nikimwambia mtu hiyo stori anadhani namtania, maana kitabu kikiwepo unakuta kiko ndani ya paketi ya VIP, zile tiketi za bei ghali.

Na udhaifu wangu unaujua, Rush, ile bendi ya roki ya Kanada. Neil Peart, mpiga dramu wao na ndiye aliyekuwa anaandika mashairi ya nyimbo zao, alikuwa anaandika makala kabisa kwenye vijitabu vyao vya ziara, anakueleza albamu ilivyotungwa, walijifungia wapi, kazi ilienda vipi, dramu zake zikoje, anaandika taratibu kama mtu anayekujua. Mashabiki wakaja kuyachapa upya yale maneno na kuyaweka intaneti, kwa hiyo alipofariki Januari 2020 tulikuwa na pa kwenda kumsoma. Sasa niambie wale wanaoacha tisheti tu, baada ya miaka thelathini utawasoma wapi?

Lakini wala siyo hilo linaloniuma zaidi. Chukua kijitabu chako chochote ufungue ukurasa wa mwisho, ule wenye maandishi madogo mpaka ukodoe macho, tulikuwa tunauruka wote. Fundi wa sauti ya ukumbini, fundi wa spika za jukwaani, anayetyuni magitaa, wale wanaopanda juu ya dari kufunga minyororo ya taa, mshona nguo, wapishi, madereva wa mabasi, madereva wa malori, majina yao yote pale na wengine wamewekewa na majina ya utani ambayo hakuna anayeyaelewa zaidi yao. Filamu ikiisha majina yanapita, albamu ina majina kwenye kava, shoo je? Taa zinawashwa watu wanakimbilia mlangoni. Kile kijitabu ndicho kilikuwa mahali pao pekee, dereva aliyeendesha usiku kucha ili wewe ukute spika zimeshafungwa alikuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto wake. Leo ukitaka kujua bendi ilipiga nyimbo gani siku fulani unazipata mtandaoni kwa mpangilio, video unazipata, mpaka nguo alizovaa mwimbaji kuna watu wanaziorodhesha, ila nani alikaa kwenye mitambo ya sauti usiku ule, tafuta mpaka uchoke. Na tovuti ya bendi yenyewe albamu mpya ikitoka inapanguliwa yote.

Usiniambie watu hawataki karatasi. Taylor Swift alivyokuwa anakaribia kumaliza ziara yake ya Eras Tour, Novemba 2024, alitoa kitabu cha ziara kurasa 256, kikauzwa kwenye maduka ya Target kule Marekani, watu wakakesha foleni, wengine wakalalamika kina makosa ya uchapaji, na bado siku mbili za kwanza zikaondoka nakala zaidi ya laki nane. Laki nane! Japani nao wanaendelea kama kawaida, ukienda shoo kubwa kule kitabu kipo mezani pamoja na taulo na vijiti vya taa. Ila cha Taylor ni cha dukani, kanunua hadi ambaye hajakanyaga uwanjani, na kimekuja karibu kila kitu kimeshaisha, ni kumbukumbu iliyopangwa vizuri baadaye. Mimi napenda kile kilichochapwa kabla, na ratiba zake ambazo hazikutimia na huyo mpiga besi aliyefukuzwa bado anacheka kwenye ukurasa wa sita.

Sasa hilo boksi lako la vijitabu ambalo shemeji anataka litoke chumbani. Kwanza usije ukavipiga leminesheni, ile ya kugandisha plastiki juu ya karatasi, hata ukishauriwa na nani, ile haitoki tena. Angalia pini mbili za katikati, zikianza kutu zinaacha alama ya kahawia mpaka kurasa za jirani, basi vyenye hali hiyo vitenge na vingine. Vilaze, usivisimamishe kama vitabu vya shule, vinapinda mgongo. Ukiamua kuuza we uza tu sitakununia, ila kabla hujauza piga picha kurasa za mwisho zote, zisomeke siyo picha za harakaharaka, unitumie, nimeanza kuyaandika yale majina kwenye faili moja na nikipata kutoka kwako litakuwa limekua sana.

Na vile vya Rush usimtajie mtu yeyote bei kabla hujanipigia.

Nisalimie wote hapo.

Wako yuleyule