Ndugu wa mzee asiachwe getini

Ndugu Mhariri,

Oktoba Mosi ikikaribia, Siku ya Kimataifa ya Wazee, picha huwa ni zilezile: mgeni rasmi, vitenge, mifuko ya sukari na hotuba kuhusu dirisha la wazee hospitalini. Dirisha sina ugomvi nalo. Ninaloandikia ni lile linalofuata, mzee akishapita dirishani, akapewa kitanda wodini, na ndugu zake wakaambiwa muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Niliuguza wodi ya magonjwa ya ndani miaka mingi kabla ya kustaafu, na nesi yeyote atakayesoma hapa anamjua mgonjwa ninayemsema. Ameletwa jioni na nimonia. Anajitambua, anataja majina ya wanawe, anauliza kama ng'ombe wamekatiwa majani. Saa nane usiku anachomoa kanula, ule mrija wa dripu mkononi, anashuka kitandani, anamwita mkewe aliyekwisha kufariki, anamtukana sista. Asubuhi ripoti ya zamu inasema: mgonjwa msumbufu, utu uzima. Mara nyingine mikono imeshafungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda na daizepamu imeshachomwa.

Uzee hauingii kati ya jioni na saa nane usiku. Kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, kunakopungua na kurudi, mtu akashindwa hata kufuatilia unachomwambia, vitabu vya uuguzi vinakuita deliriamu, na ni dharura kama ilivyo dharura pumzi ikibana. Kuna kitu mwilini kinachotakiwa kutafutwa: maambukizi, maji yaliyopungua, chumvi ya damu iliyoshuka, sukari iliyoanguka kwa mzee anayemeza glibenklamaidi, dawa ya kisukari, na hali chakula, mkojo uliozuilika kwa tezi dume, choo cha siku nyingi, maumivu ambayo hakuna aliyeyauliza. Tena kuna dawa zetu wenyewe: piritoni ya mafua, prometazini ya kichefuchefu, amitriptilini ya kumsaidia alale. Daizepamu nayo mara nyingi huzidisha, isipokuwa kwa aliyekatishwa pombe ghafla. Hao kwetu wapo wengi kuliko faili zinavyosema, maana mbege na gongo hakuna anayeziandikisha mapokezi.

Yuko na mwingine, ambaye hasumbui. Amelala kimya siku nzima, uji umepoa mezani, ukimwita anafumbua macho na kuyafumba tena. Huyu wodi inampenda. Tunasema amepumzika, kumbe hali yake ni ileile ya yule wa saa nane, na kwa kuwa hana kelele ndiye anayechelewa kutibiwa.

Sisemi kwamba hakuna wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Utafiti uliofanywa hapa Wilaya ya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 wana dimenshia. Lakini dimenshia huja kwa miezi na miaka. Sonona nayo huja kwa wiki: mzee anaacha kula, halali, anasema ana mawazo au mwili unamwaka moto, na nyumbani wanadhani anadeka. Hali hizi tatu huweza kumkuta mtu mmoja, na mwenye dimenshia ndiye mwepesi zaidi kupata deliriamu. Atakayezitofautisha ni yule anayejua mgonjwa alikuwaje juzi, na wodini mtu huyo hayupo.

Vipo vipimo vifupi vya deliriamu. Kile kiitwacho 4AT hakimalizi dakika mbili, ila kinauliza tarehe ya kuzaliwa na kutaja miezi kinyumenyume, na bibi ambaye hakukanyaga shule atafeli akiwa na akili timamu. Ndiyo maana naupenda ule mtihani wa kupima kumbukumbu uliotengenezwa kwa wazee wa Hai, uitwao IDEA. Mzee anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Hata hivyo huo ni wa dimenshia. Kwa deliriamu, swali linalozidi yote huulizwa kwa ndugu: je, yuko hivi siku zote?

Nakuja sasa kwenye geti. Mwaka 1999 Dk. Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea. Waliouguzwa kwa kawaida, 15 katika kila 100 walipata deliriamu. Waliopewa mpango maalumu hawakufika 10. Na mpango wenyewe haukuwa wa dawa mpya: kumvalisha mgonjwa miwani yake, kumsogezea maji, kumwinua atembee, kumwambia leo ni siku gani, kupunguza kelele usiku ili alale. Kazi nyingi kati ya hizo zilifanywa na watu wa kujitolea, ambao ilibidi watafutwe na kufundishwa. Sisi tunao tayari. Wamesimama nje na hotipoti la mtori, na mlinzi anawarudisha.

Najua majibu ya uongozi, kwa sababu niliyasikia vikaoni: msongamano, maambukizi, wizi wa simu, wanawake kukaa wodi ya wanaume. Yana uzito. Lakini wodi ya watoto mama analala na mwanawe na hatuoni ajabu. Naomba waganga wafawidhi na wauguzi viongozi wajaribu hivi: mzee wa miaka 60 na zaidi aruhusiwe ndugu mmoja, mwenye kadi, anayejulikana kwa jina, usiku na mchana, apewe kiti. Afundishwe na muuguzi kumnywesha maji kidogo kidogo, afahamu cha kuripoti, asiachiwe kazi ya kuchoma sindano wala kufunga mikono. Na fomu ya zamu iwe na mstari mmoja wa kujaza: amebadilika tangu jana, ndiyo au hapana. Zamu ya usiku ina manesi wachache mno. Jozi ya macho inayomfahamu mgonjwa ni msaada kwao.

Nanyi ndugu, siku mkimleta mzee njooni na miwani yake, meno yake ya bandia, fimbo yake, na mfuko wa dawa zote anazotumia nyumbani, mitishamba ikiwemo. Mkiulizwa kama yuko hivi siku zote, msikimbilie kusema ni uzee. Semeni juzi alikuwaje.

Muuguzi mstaafu,
Moshi